Atomu zinalingana, kosa liko wapi? Jibu kuhusu mlinganyo halisi wa ioni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Kidato cha Tatu, ninaishi Mbagala. Kwenye jaribio la kemia tuliambiwa tuandike mlinganyo halisi wa ioni kwa mimenyuko miwili. Wa kwanza ulikuwa vipande vya kalsiamu kaboneti kwenye asidi ya haidrokloriki, nami nikaandika CO₃²⁻ + 2H⁺ → H₂O + CO₂. Wa pili ulikuwa waya wa shaba kwenye mmumunyo wa silva naitreti, nikaandika Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag. Yote miwili nimepigwa mkasi. Nimehesabu atomu mara nyingi na zinalingana kila upande. Kosa liko wapi?"

Marahaba. Makosa yako hayafanani, ingawa mkasi ni ule ule. La waya wa shaba linarekebishika kwa kuandika namba moja mahali pawili. La kalsiamu kaboneti lina mzizi zaidi, kwa sababu lilitokea kabla hujaanza kusawazisha chochote, pale ulipoamua ni kitu gani kinatengana kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na kipi kinabaki kizima. Nitaanza na hilo na kukaa nalo muda mrefu, maana wanafunzi wengi wanaolalamika kwamba kusawazisha kunawashinda huwa wanasawazisha vizuri tu, ila wamesawazisha kitu ambacho hakimo ndani ya bika, yaani chombo cha maabara.

Mlinganyo wa ioni ni maelezo ya kile kilichomo ndani ya chombo na kilichobadilika humo. Mlinganyo wa kawaida unaandika NaCl kana kwamba ndani ya maji kuna NaCl zinazoelea nzima nzima, jambo ambalo si kweli, kwani chumvi ya mezani ikishayeyuka kila ioni ya sodiamu hushika njia yake na kila ioni ya kloraidi yake. Msweden Svante Arrhenius alipoyaandika haya katika tasnifu yake ya mwaka 1884, pale Uppsala, wasahihishaji wake walimpa alama ya chini, na mwaka 1903 tasnifu hiyo hiyo ikawa sehemu ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hiyo usione ajabu jambo hili likikusumbua.

Tuchukue mfano ulio karibu nawe. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ambayo sote tunayaita maji ya chumvi, na shuleni kwako pengine mna kisima cha namna hiyo. Maji hayo yakitiwa kidogo ndani ya testi tyubu, yakaongezewa matone machache ya asidi ya naitriki iliyozimuliwa, kisha matone mawili matatu ya silva naitreti, hubadilika papo hapo na kuwa meupe kama maziwa. Tyubu ikiachwa karibu na dirisha, weupe ule hugeuka taratibu kuwa wa kijivu wenye rangi ya zambarau, kwa sababu mwanga wa jua huivunja silva kloraidi. (Silva naitreti isiguse vidole, huacha doa jeusi ambalo halitoki kwa sabuni.) Mlinganyo wa kawaida wa tukio hilo ni huu:

AgNO₃(aq) + NaCl(aq) → AgCl(s) + NaNO₃(aq)

Sasa kila kilichoyeyuka na kutengana kiandikwe kama kilivyo majini, na kilichobaki kizima kiachwe kizima:

Ag⁺(aq) + NO₃⁻(aq) + Na⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s) + Na⁺(aq) + NO₃⁻(aq)

Ioni za sodiamu na za naitreti ziko pande zote mbili zikiwa katika hali ile ile, majini mwanzo na majini mwisho. Hizo ndizo ioni tazamaji, na tunazifuta. Kinachobaki ndicho mlinganyo halisi:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Angalia faida yake. Maji ya kisima hayana sodiamu peke yake. Yana kalsiamu, magnesiamu na vingine, na hakuna anayejua kwa kutazama tu ioni ipi ya kloraidi ilikuja na ioni ipi ya metali. Mlinganyo halisi haujali hilo, kwa kuwa kloraidi yoyote ikikutana na silva majini, jambo moja hutokea. Ile asidi ya naitriki tuliyotanguliza nayo haimo kwenye mlinganyo, lakini ina kazi: huondoa kaboneti, ambayo nayo ingetoa mashapo (kitu kigumu kinachojitenga ndani ya maji) na silva na kukudanganya.

Kutokana na mfano huo tunapata kanuni ya kuamua. Kitu hutenganishwa kuwa ioni pale tu kinapokuwa kimeyeyuka majini, na papo hapo kikawa ni chumvi inayoyeyuka, au asidi kali, au besi kali. Vyote vinavyobaki huandikwa vizima, yaani kitu kigumu ambacho hakijayeyuka, mashapo, gesi, maji yenyewe, kipande cha metali, na asidi au besi hafifu hata kama imeyeyuka kabisa. Alama zile ndogo za hali, (s), (l), (g) na (aq), ambazo wengi huziandika mwishoni kama mapambo, zinapaswa kuandikwa kabla ya kutenganisha kitu chochote, kwa sababu ndizo zinazokuambia utenganishe nini.

Turudi kwenye karatasi yako. Kalsiamu kaboneti ndiyo iliyomo kwenye jiwe la chokaa linalochimbwa Wazo Hill kwa ajili ya saruji, na ndiyo iliyojenga matumbawe na magamba ya konokono wa baharini unaowaokota ufukweni. Vitu hivyo vimekaa majini miaka na miaka bila kuyeyuka. Ukitumbukiza kipande chake ndani ya asidi ya haidrokloriki, asidi inakishambulia kikiwa jiwe, na mapovu unayaona yakichipuka kwenye uso wa jiwe wala si katikati ya asidi. Ndani ya jiwe hilo ioni za kalsiamu na za kaboneti zipo, ni kweli, lakini zimeshikamana mahali pamoja na hazitembei. Kwa hiyo huna ruhusa ya kuandika CO₃²⁻ peke yake kama kitu kinachoogelea. Mlinganyo kamili wa ioni ni:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) + 2Cl⁻(aq) → Ca²⁺(aq) + 2Cl⁻(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

na ukifuta kloraidi unapata:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Wewe uliifuta kalsiamu kana kwamba ni tazamaji. Haikuwa hivyo, kwani ilianza ikiwa imefungwa ndani ya jiwe na ikamaliza ikiwa huru ndani ya maji, na mabadiliko hayo ni sehemu ya habari yenyewe. Ioni huitwa tazamaji pale tu hali yake ya mwanzo na ya mwisho zinapokuwa moja.

Hata hivyo mlinganyo ulioandika si upuuzi. Ni sahihi kabisa, isipokuwa umejibu swali lingine. Kama badala ya vipande vya kalsiamu kaboneti mngepewa mmumunyo wa sodiamu kaboneti, mojawapo ya chumvi zilizomo kwenye magadi, basi sodiamu ingekuwa tazamaji wa kweli, kaboneti ingekuwa huru tangu mwanzo, na CO₃²⁻(aq) + 2H⁺(aq) → H₂O(l) + CO₂(g) lingekuwa jibu la kupata alama zote. Mwalimu aliyekupiga mkasi alitaka kuona kama unatofautisha jiwe na mmumunyo.

Jambo la asidi hafifu hukamata wengi kwa namna hiyo hiyo. Siki ina asidi ya etanoiki, ambayo huyeyuka majini bila shida, na kwa hiyo mwanafunzi huikimbilia kuitenganisha. Lakini kuyeyuka ni jambo moja na kutengana ni jingine. Katika mmumunyo wake wa 0.1 M (M ni kipimo cha ukolezi), katika kila molekuli 100 ni kama moja tu iliyoachia ioni yake ya haidrojeni, na zilizobaki ni nzima. Tunaandika kilicho kingi, na kilicho kingi ni CH₃COOH. Gamba la konokono likiwekwa kwenye siki, mlinganyo wake halisi huwa:

CaCO₃(s) + 2CH₃COOH(aq) → Ca²⁺(aq) + 2CH₃COO⁻(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Amonia iliyoyeyuka majini nayo iandikwe NH₃(aq), kwa sababu ni besi hafifu. Asidi kali utakazokutana nazo kidato chako ni haidrokloriki, naitriki na salfuriki, na besi kali ni haidroksaidi za sodiamu na potasiamu, pamoja na ya bariamu. Asidi ya salfuriki ina utata wake, kwa kuwa haidrojeni ya pili haiachiwi kwa urahisi kama ya kwanza, ila kwa kiwango cha sekondari inaandikwa 2H⁺ na SO₄²⁻ na hakuna atakayekulaumu.

Kuhusu chumvi zipi huyeyuka, sitakupa jedwali kwa sababu unalo kwenye daftari. Nitakutajia tu yale yanayohitajika kichwani kila siku. Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu huyeyuka, na naitreti zote huyeyuka. Kloraidi huyeyuka isipokuwa ya silva na ya risasi, na hii ya risasi huyeyuka maji yakiwa ya moto, hivyo soma swali vizuri. Salfeti huyeyuka isipokuwa ya bariamu na ya risasi, na ya kalsiamu huyeyuka kidogo. Kaboneti na haidroksaidi ni kinyume, nyingi haziyeyuki, ukiacha zile za sodiamu na wenzake, na haidroksaidi ya bariamu. Ile ya kalsiamu huyeyuka kiasi, ndiyo maana maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa maangavu huandikwa Ca²⁺ na 2OH⁻, wakati chokaa nzito nyeupe ya kupakia ukuta huandikwa Ca(OH)₂(s). Neno "haiyeyuki" nalo lisikutishe. Silva kloraidi huyeyuka, ila kwa kiasi cha miligramu 2 hivi katika lita nzima ya maji, ambapo chumvi ya mezani huyeyuka kwa gramu zaidi ya 300. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba tunaiita ya kwanza mashapo bila kusita.

Sasa waya wa shaba. Hapa hukutenganisha vibaya: shaba ni metali na umeiacha nzima, silva naitreti umeitenganisha na kufuta naitreti, vizuri kabisa. Atomu zinalingana, shaba moja na silva moja kila upande. Lakini hesabu chaji. Upande wa kushoto una shaba isiyo na chaji na ioni moja ya silva, jumla +1. Upande wa kulia una ioni ya shaba yenye +2 na silva isiyo na chaji, jumla +2. Mlinganyo wako unadai kwamba chaji chanya moja imezaliwa ndani ya bika kutoka popote. Chaji haizaliwi namna hiyo, kama vile atomu hazizaliwi, na kwa hiyo mlinganyo wa ioni una mizani miwili: ule wa atomu na ule wa chaji. Wewe ulipima kwa mmoja.

Ili kuona namba inayokosekana, tazama elektroni zinavyohama. Atomu ya shaba ikitoka kwenye waya na kuingia majini huacha elektroni mbili, Cu → Cu²⁺ + 2e⁻. Ioni ya silva inahitaji elektroni moja tu ili iwe metali, Ag⁺ + e⁻ → Ag. Elektroni mbili zilizoachwa na shaba moja zinatosha ioni mbili za silva, wala hazitakaa zikielea zikisubiri. Hivyo:

Cu(s) + 2Ag⁺(aq) → Cu²⁺(aq) + 2Ag(s)

Chaji ni +2 kushoto na +2 kulia. Hapa wengine huniuliza kama chaji haipaswi kuwa sifuri. Inapaswa kuwa sawa pande zote mbili, basi, iwe sifuri, +2 au −1. Tumeziondoa ioni tazamaji, kwa hiyo chaji inayoonekana si ya bika zima. Zile naitreti tulizozifuta bado zimo majini na ndizo zinazolifanya bika zima lisiwe na chaji.

Kosa hili halihusu maandishi tu, kwani lingekuharibia hesabu za moli, kipimo cha wingi wa chembe, pia. Gramu 63.5 za shaba ni moli moja na gramu 108 za silva ni moli moja. Kwa mlinganyo sahihi, gramu 0.635 za shaba zikiyeyuka kutoka kwenye waya, silva inayojishika ni gramu 2.16. Kwa mlinganyo wako ungetabiri gramu 1.08, nusu ya ukweli, na mizani ya maabara ingekusuta. Mkipata nafasi ya kufanya jaribio hili, mtazame waya kwa karibu. Kwanza huwa mweusi, kisha huota nyuzi za fedha zinazometameta kama manyoya, huku maji yaliyokuwa hayana rangi yakianza kuwa ya buluu. Buluu hiyo ni Cu²⁺ ya upande wa kulia wa mlinganyo.

Mmenyuko wa asidi kali na besi kali nitaupita haraka, maana mlinganyo wake unaujua, H⁺(aq) + OH⁻(aq) → H₂O(l). Inapendeza tu kujua kwamba asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi, au asidi ya naitriki na potasiamu haidroksaidi, hutoa joto karibu sawa, kama kilojuli 57 kwa kila moli ya maji, kwa sababu kilichotokea ni kimoja. Kuna mtego mmoja hapo ambao hupendwa sana kwenye mitihani, nao ni bariamu haidroksaidi na asidi ya salfuriki. Mwanafunzi akiona asidi na besi huandika mlinganyo ule wa maji na kuweka kalamu chini, akisahau kwamba bariamu na salfeti nazo zimekutana na kutoa mashapo meupe. Humo hakuna tazamaji hata mmoja:

Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) + 2H⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s) + 2H₂O(l)

Ukitumbukiza nyaya mbili zilizounganishwa na betri na balbu ndogo ndani ya bariamu haidroksaidi, kisha ukaongeza asidi kidogo kidogo, balbu hufifia hadi kuzimika, kwa sababu ioni zinakwisha majini. Ukizidisha asidi inawaka tena. Kwa sodiamu haidroksaidi na asidi ya haidrokloriki balbu haizimiki kamwe, kwani Na⁺ na Cl⁻ zinabaki majini mwanzo hadi mwisho.

Makosa madogo madogo yamebaki. Namba ya chini katika BaCl₂ hugeuka kuwa namba ya mbele ioni zinapotengana, yaani Ba²⁺ + 2Cl⁻. Anayeandika Cl₂ ameandika gesi ya klorini. Ioni zenye atomu nyingi, kama salfeti, naitreti na kaboneti, hazivunjwi. Baada ya kufuta, kama namba zote za mbele zinagawanyika kwa namba moja, zigawanye, ili 2H⁺ + 2OH⁻ → 2H₂O isibaki hivyo. Na kama kila kitu kimefutika hadi hakuna kilichobaki, kwa mfano sodiamu kloraidi na potasiamu naitreti, hujakosea. Hakuna mmenyuko uliotokea, na hilo ndilo jibu la kuandika.

Nakuachia mmoja wa kujipima. Mrututu, yaani kopa salfeti, umeyeyushwa majini, kisha kikatumbukizwa kipande cha karatasi ya aluminiamu. Kwa muda hakuna linaloonekana, kwa sababu aluminiamu imefunikwa na utando mwembamba wa oksaidi. Ukiongeza chumvi ya mezani kidogo, kloraidi huutoboa utando huo, bika linapata joto, buluu inafifia na shaba ya kahawia inajikusanya juu ya karatasi. Andika mlinganyo halisi wa aluminiamu na ioni za shaba, kisha pima kwa mizani yote miwili. Ukipata 2Al(s) + 3Cu²⁺(aq) → 2Al³⁺(aq) + 3Cu(s), chaji ni +6 kila upande na uko sawa. Ukiikuta Cl⁻ kwenye jibu lako, ifute: imesaidia mmenyuko uanze, lakini ilikuwa majini kabla na iko majini baada.